Helmuth von Moltke: Mnadhimu Aliyepigana kwa Ramani na Reli

Miongoni mwa majenerali walioibadili ramani ya Ulaya katika karne ya 19, Helmuth von Moltke wa Prussia ni wa aina yake, kwa sababu hadi vita vya mwaka 1866 vilipoanza, akiwa na umri wa miaka 65, alikuwa hajaamrisha hata kombania moja ya jeshi la nchi yake vitani, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa imepita katika kupima ardhi, kuchora ramani na kuandika. Hata hivyo, ndani ya miaka mitano iliyofuata aliyashinda majeshi ya dola mbili kubwa, Austria na Ufaransa, na ushindi huo ndio uliomwezesha Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, kuziunganisha nchi za Kijerumani kuwa dola moja. Umaarufu wake haukutokana na upanga, bali na kung'amua mapema kuliko wenzake kazi ambayo ofisi, reli na telegrafu zingeweza kuifanya vitani.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1800 mjini Parchim, katika jimbo la Mecklenburg, katika ukoo wa kikabaila uliokuwa umebakiwa na jina kuliko mali. Mwaka 1806 askari wa Napoleon waliupora mji wa Lübeck, pamoja na nyumba ya wazazi wake, na baadaye mtoto huyo akapelekwa kwenye shule ya kijeshi ya Copenhagen, kwani baba yake alikuwa akilitumikia jeshi la Denmark. Kijana huyo naye alianzia katika jeshi hilo, lakini mwaka 1822 alihamia Prussia, akakubali kuanza upya na cheo cha luteni usu, yaani ngazi ya chini kabisa ya uofisa. Alisoma katika Chuo cha Vita cha Berlin kuanzia 1823 hadi 1826, wakati chuo hicho kikiongozwa na Carl von Clausewitz, kisha akatumwa kupima ardhi katika majimbo ya Silesia na Posen. Mshahara ulikuwa mdogo, na ofisa wa aina yake alipaswa kumiliki farasi, hivyo akajitwisha kazi ya kutafsiri kwa Kijerumani historia ndefu ya Roma iliyoandikwa na Mwingereza Edward Gibbon. Alitafsiri juzuu nyingi, lakini mchapishaji hakukitoa kitabu, na malipo yakawa haba mno.

Mwaka 1835 alikwenda Istanbul akiwa likizoni, na huko serikali ya Sultani Mahmud II ikaomba abaki asaidie kulijenga upya jeshi la Dola ya Uthmaniya. Huko ndiko alikoshuhudia vita kwa mara ya kwanza. Juni 1839, karibu na mji wa Nizip, jeshi la Kituruki chini ya Hafiz Pasha lilikabiliana na jeshi la Misri lililoongozwa na Ibrahim Pasha, mwana wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri. Moltke alimshauri Hafiz arudi nyuma hadi Birecik, kando ya mto Frati, mahali palipokuwa na ngome madhubuti. Pasha huyo, aliyewasikiliza zaidi wanazuoni wa dini waliokuwa kambini, alikataa, naye Moltke akaacha kazi ya ushauri na kwenda kusimamia mizinga, ambako alilitazama jeshi zima likivunjika. Barua alizoandika kutoka nchi hiyo, zilizochapishwa mwaka 1841, zina jicho kali la mpima ardhi na lugha safi kiasi kwamba huenda angekumbukwa kama mwandishi hata kama asingepata ujenerali.

Aliporejea Ujerumani aliingia katika bodi ya kampuni ya reli ya Hamburg na Berlin, na mwaka 1843 akaandika makala kuhusu namna ya kuchagua njia za reli, wakati maofisa wengi wa rika lake wakiona kwamba garimoshi ni chombo cha wafanyabiashara. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza lakini nzito katika matokeo: askari wanaosafiri kwa reli hufika upesi na wakiwa na nguvu, kwa hiyo nchi yenye njia nyingi za reli inaweza kuanza vita ikiwa imemtangulia adui kwa majuma kadhaa. Somo hilo lilifika hata pwani ya Afrika Mashariki, kwani Novemba 1914 kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewahi kutumikia unadhimu wa Berlin, aliitumia reli ya Usambara kuzisafirisha kombania zake kutoka Moshi hadi Tanga, akalishinda jeshi la Waingereza na Wahindi lililokuwa limeshuka kutoka melini.

Mwaka 1857 Moltke alikabidhiwa nafasi ya Mnadhimu Mkuu. Mnadhimu ni ofisa asiyeamrisha kikosi, bali humsaidia kamanda kwa kukusanya habari za adui, kupanga mienendo ya askari na kuhakikisha kwamba risasi, chakula na malazi yao vinapatikana. Ofisi hiyo ilikuwa ndogo, tena chini ya Wizara ya Vita, na jina la mkuu wake halikujulikana sana hata jeshini. Moltke aliijaza maofisa wachache waliochujwa kwa ukali, akaanzisha kitengo cha reli, na Juni 1866, vita na Austria vilipokaribia, mfalme aliiruhusu kutuma amri moja kwa moja kwa makamanda.

Katika vita hivyo Prussia ilitumia njia 5 za reli kuelekea mpakani, hali Austria ikitegemea njia 1. Moltke aliyagawa majeshi yake katika makundi matatu yaliyoingia Bohemia kwa njia tofauti, jambo lililowatisha majenerali wa shule ya zamani, kwani jeshi lililotawanyika huweza kupigwa kipande kimoja kimoja. Yeye alishikilia kwamba vikosi vitembee mbalimbali, maana barabara moja haiwezi kubeba wala kulisha jeshi kubwa, kisha vikutane kwenye uwanja wa vita. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai, amri ya kumwita Mwanamfalme Mrithi aje na Jeshi la Pili ilipelekwa kwa farasi, na inafaa kukumbuka kwamba mpango wa bingwa huyo wa reli na telegrafu ulining'inia usiku huo kwenye miguu ya mnyama. Asubuhi ya mapigano hayo, yaliyofanyika Königgrätz, mvua ilinyesha, mizinga ya Austria iliwazuia Waprussia kwa saa nyingi, na mfalme akaanza kuhofu. Inasimuliwa kwamba Bismarck, akitaka kujua hali ilivyo, alimpa Moltke kasha la sigara, naye akazikagua zote kwa utulivu kabla ya kuchukua iliyo bora, ndipo Bismarck akatulia. Alasiri Jeshi la Pili lilitokea ubavuni, likauteka mlima wa Chlum, na Austria ikapoteza zaidi ya watu 40,000, wakiwamo mateka.

Vita na Ufaransa vilivyozuka Julai 1870 vilikuwa kipimo cha ratiba zake, na ndani ya siku 18 hivi askari zaidi ya 380,000 walifikishwa mpakani. Jeshi moja la Ufaransa lilifungiwa Metz, na lile lililokwenda kulikomboa likasukumwa hadi Sedan, ambako tarehe 2 Septemba lilijisalimisha pamoja na Kaisari Napoleon III mwenyewe. Lakini ratiba haikuvimaliza vita. Serikali mpya ya Paris iliendelea kupigana, wanamgambo wakashambulia reli nyuma ya Wajerumani, na wakati mji huo ukizingirwa, Moltke na Bismarck waligombana vikali, kwani Moltke alidai kwamba vita vikishaanza mwanasiasa hana cha kusema hadi viishe. Katika hilo Bismarck ndiye aliyekuwa na haki, na mafundisho ya Moltke yaliwaachia warithi wake mwanya hatari wa kujiona juu ya serikali.

Jambo lake jingine lilikuwa na hekima zaidi. Alifundisha kwamba hakuna mpango unaoweza kutegemewa baada ya mapambano ya kwanza na jeshi kuu la adui, kwa hiyo kamanda mkuu aeleze shabaha tu, na wa chini yake wachague njia wenyewe. Mtu huyu mkimya, aliyesemwa kuwa ananyamaza kwa lugha saba, alisimama bungeni Mei 1890 kuonya kwamba vita vijavyo vya Ulaya vingeweza kudumu miaka 7 au hata 30. Alifariki Berlin tarehe 24 Aprili 1891.

Vita hivyo vya Ulaya vilipozuka, Agosti 1914, mpwa wake mwenye jina hilohilo, naye akiwa Mnadhimu Mkuu, alitakiwa na Kaisari Wilhelm II aligeuzie jeshi lote upande wa Urusi, akajibu kwamba ratiba za treni haziwezi kupanguliwa; Kaisari alimwambia kuwa ami yake angempa jibu jingine. Mwezi uliofuata, baada ya jeshi lake kurudishwa nyuma kwenye mto Marne, mpwa huyo aliondolewa madarakani.