Udi, maikrofoni na chumba cha kulala

Anayetaka kurekodi udi nyumbani huanza kwa kuuliza anunue maikrofoni gani. Mimi humuuliza atakaa chumba gani, na maikrofoni ataiweka umbali gani na nyuzi. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi pamoja na ala, hautoki kirahisi. Programu za kuuondoa zipo, lakini hula na sauti ya udi wenyewe.

Kwa udi jambo hili lina uzito wa pekee. Shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa, hivyo mpigaji hutelezesha kidole na kugusa robo za sauti ambazo ndizo utamu wa maqamu, zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Chumba chenye mwangwi mrefu huiacha noti iliyopita ikining'inia hewani wakati inayofuata, iliyo juu yake kidogo tu, imeshapigwa. Zinagongana, na msikilizaji hudhani mpigaji amekosea mahali pa kidole.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Kuta tupu za saruji zinazotazamana zitakujibu kwa mlio mkali wa haraka haraka, na sakafu ya vigae itauzidisha. Vitu laini ndivyo huutuliza mlio huo. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard huko Marekani, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno yalikuwa hayaeleweki. Usiku alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anapima sauti inachukua muda gani kufifia kila mito ilipoongezwa. Ukumbi ulipokuwa mtupu, sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Nyumbani kazi ya mito ile hufanywa na godoro, nguo kabatini na zulia, na ndiyo maana chumba cha kulala huishinda sebule yenye vigae na vioo.

Usizibe kila kona, hata hivyo. Godoro hunyonya sauti kali na za kati, lakini wimbi la besi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, nalo halisumbuliwi na blanketi. Chumba kilichofunikwa chote hubaki na mvumo mzito tu. Mkalishe mpigaji mbali na pembe, maana huko besi hujikusanya. Blanketi au godoro liwe nyuma ya mpigaji. Wengi hulitundika nyuma ya maikrofoni, lakini maikrofoni nyingi za nyumbani husikia zaidi kwa mbele, na kilicho mbele yao ni mpigaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake.

Sasa kuiweka maikrofoni. Mwambie mpigaji arudierudie kipande kimoja, wewe ziba sikio moja, inama, na lisogeze lingine taratibu mbele ya udi. Kwenye tundu kubwa utasikia hewa ya tumbo la udi ikivuma na kuzimeza nyuzi. Karibu na daraja sauti hukonda, na risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, inakwaruza. Elekea pale shingo inapoungana na tumbo: risha inasikika, uzi unasikika, na tumbo linajibu bila kuguruma. Hapo ndipo pa kuanzia, sentimita 30 hivi kutoka kwenye ala, maikrofoni ikiwa imeinamishwa kidogo isilitazame tundu moja kwa moja. Kila ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti inayotoka kwenye nyuzi hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu palepale. Ukikaribia mno, maikrofoni hizi zinazosikia zaidi kwa mbele hutia besi isiyokuwepo.

Zima feni na friji kabla ya kurekodi. Na maikrofoni moja inatosha. Mbili zikiwekwa ovyo, sauti huzifikia kwa nyakati tofauti na sehemu zake hufutana. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hapakuwa na njia ya kunasa kila ala peke yake ili zichanganywe baadaye. Uwiano ulipatikana kwa kumsogeza mtu mbele au nyuma.

Mwangwi wa kutengenezwa hutiwa baadaye, na hapo ndipo rekodi nyingi nzuri za udi zinapozamishwa. Uchelewe kuanza kwa milisekunde 20 hadi 40, ili mguso wa risha utangulie. Kata besi yake chini ya hezi 200. Urefu wa sekunde 1.2 unatosha kwa taksimu, upigaji wa kubuni papo hapo, iliyotulia. Kipande cha kasi kinataka pungufu ya hapo. Kisha usikilize kwa hedifoni zile sehemu ambazo kidole kinateleza kutoka noti moja hadi nyingine. Mteremko usiposikika wote, punguza tena.