Mwenzako Akizidiwa na Pombe, Usimwache Alale Tu

Muhula ukifunguliwa, karamu huwa nyingi katika hosteli za vyuo. Wengine hunywa, wengine hawanywi. Asiyekunywa asilazimishwe, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe kabisa, maana sheria ya Kenya inakataza. Kwa wale wanaokunywa, heri wajue pombe inavyofanya kazi mwilini.

Pombe huingia katika damu haraka, hasa tumbo likiwa tupu. Ini ndilo huiondoa, nalo halina haraka. Bia moja ya mililita 500 huchukua karibu saa mbili au zaidi. Ati kahawa kali au maji baridi yatamtoa mtu ulevi? La, ni saa tu zitakazomtoa.

Basi, ukienda karamuni:

1. Kula kwanza ushibe, na unywe maji kati ya bia na bia.
2. Nenda na wenzako na mrudi pamoja. Weka kando nauli ya kurudi, na mmoja wenu asinywe.
3. Usiache glasi yako mezani ukaenda kucheza. Kuna watu hutia "mchele", yaani dawa ya kulevya, ili waibe au wanajisi.
4. Epuka chang'aa na pombe ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka. Inaweza kuwa na methanoli, na huwezi kuitambua kwa macho wala kwa harufu. Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100 mitaa ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa, mpelekeni hospitali mara moja.

Hatari kubwa huja pale mmoja anapozima na wenzake wakasema, "Mwacheni alale, kesho atakuwa sawa." Kumbe pombe iliyobaki tumboni bado inaingia katika damu, na hali yake yaweza kuzidi kuwa mbaya akiwa usingizini. Tazama dalili hizi: haamki ukimwita na kumfinya, anapumua polepole au kwa kusitasita, mwili ni baridi, midomo imebadilika rangi, anatapika bila kuamka, au ana kifafa.

Ukiona hata moja, piga 999 au 112, au tafuteni gari. Mlaze ubavu, si chali, kwa sababu matapishi huweza kumziba pumzi. Usimlazimishe kutapika wala kumpeleka bafuni. Mtu mmoja abaki naye kila dakika, na daktari aambiwe wazi alichokunywa.

Wanafunzi wengi huficha mambo haya kwa kuogopa msimamizi wa hosteli au wazazi. Lakini barua ya onyo inaweza kujibiwa, na mzazi aliyekasirika atatulia. Mnaolala chumba kimoja, kubalianeni mapema, kabla ya karamu, kwamba mmoja akizidiwa hamtangoja asubuhi.