Kyela: minyoo imepungua, wagonjwa wamebaki

Mwaka 2009, kingatiba, yaani ugawaji wa dawa za kuzuia ugonjwa, ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, zaidi ya theluthi ya watu waliopimwa damu na watafiti wilayani Kyela walikutwa na dalili za minyoo inayosababisha matende na mabusha. Miaka kumi baadaye, 2019, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 2. Huo ni ushindi mkubwa, na ulipatikana kwa vidonge vya aina mbili tu, Mectizan na albendazoli, vilivyotolewa bure na kumezwa mwaka baada ya mwaka.

Ushindi huo umeficha udhaifu ambao sasa unazidi kuonekana. Mkakati wetu wa afya ya jamii hupima maambukizi. Maambukizi yakishuka, fedha hupungua, semina hukoma na viongozi hugeukia jambo jingine. Aliyekwisha kuumizwa na ugonjwa hubaki na mguu wake uliovimba.

Dawa za kingatiba huua hasa vijiminyoo vilivyomo kwenye damu, vile ambavyo mbu huvifyonza usiku na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Haziponyi mishipa ya limfu iliyoharibiwa na minyoo mikubwa iliyoishi humo kwa miaka. Mishipa ikishindwa kuondoa maji, mguu huvimba, ngozi hukakamaa na kupasuka katikati ya vidole. Hapo bakteria hupenya na mgonjwa hushikwa na homa kali inayomlaza siku kadhaa. Kila homa ya namna hiyo huzidisha uvimbe.

Sasa mfikirie mgonjwa huyo katika wilaya ya mpunga kama Kyela, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Tanzania. Wakati wa palizi anashinda majarubani, miguu ndani ya tope. Jioni inampasa auoshe mguu kwa maji safi na sabuni, aukaushe taratibu kwa kitambaa hasa katikati ya vidole, apake dawa penye mpasuko, auinue anapopumzika na afanye mazoezi ya kifundo. Afanye hivyo kila siku, maisha yake yote. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mashine. Zinahitaji maji safi yaliyo karibu, sabuni isiyokatika, na mhudumu wa afya atakayemfundisha leo na kurudi mwezi ujao. Mwenye busha anahitaji upasuaji unaowezekana hata katika hospitali ya wilaya, lakini gharama na aibu humfanya akae nalo kwa miaka.

Wapo watakaosema hayo ni masalia ya ugonjwa wa zamani, hayana uhusiano na maandalizi ya mlipuko ujao. Kyela yenyewe inatoa jibu. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mbeya, na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, uliotumia sampuli za damu zilizokusanywa Kyela kati ya 2006 na 2011. Watu waliokuwa na minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango kilichozidi mara mbili ya kile cha wenzao wasio nayo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba minyoo inayokaa mwilini muda mrefu huziamsha chembe za kinga zile zile ambazo VVU huzivamia. Utafiti mmoja haumalizi mjadala. Hata hivyo, katika Mkoa wa Mbeya, iliko Kyela, ambako kiwango cha VVU kwa watu wazima kimeendelea kuzidi asilimia 9, takriban mara mbili ya wastani wa taifa, onyo hilo lilistahili kubadilisha namna tunavyopanga. Maambukizi sugu tuliyoyazoea yanaweza kuwa yalilifungulia njia janga jipya.

Somo hili lina historia ndefu. Mafua makuu ya 1918 na 1919 yalipopita kusini magharibi mwa Tanganyika, yaliwakuta watu waliochoshwa na vita, na nyuma yake ikafuata njaa. Madhara ya ugonjwa hayakwisha siku homa ilipokwisha.

Kwenye dharura yenyewe tumejifunza mengi, na haki itendeke. Februari 2022 Malawi ilipotangaza kisa cha polio, mwezi uliofuata watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walikuwa wakipewa matone ya chanjo. Hofu inapokuwa kubwa, serikali hufika hadi kijiji cha mwisho. Tunaanguka miezi na miaka inayofuata.

UVIKO-19 ulionyesha anguko hilo waziwazi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya Mei 2020, hesabu rasmi ya taifa ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa tafsiri ya hali ya baada ya UVIKO: dalili kama uchovu na kukosa pumzi zinazoendelea miezi mitatu tangu maambukizi, bila sababu nyingine. Mkulima wa Ipinda, wilayani Kyela, aliyeugua wakati ule hakupimwa, hakuandikwa popote, na leo akilalamika kwamba pumzi haimtoshi shambani hana karatasi ya kumpa daktari pa kuanzia. Fedha za mapambano ya UVIKO, shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 na kununua mitambo ya kuchimba visima. Zilisaidia taifa. Rejista ya waliobaki na madhara haikuwa miongoni mwa yale tuliyojivunia.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye kulivunja shirika lake la USAID, lililokuwa likichangia vita dhidi ya UKIMWI na ugawaji wa dawa za matende nchini. Mfadhili akiondoka, cha kwanza kukatwa ni kile ambacho hakikuwa na mwenyewe kwenye bajeti yetu. Huduma ya mwenye matende iko kwenye kundi hilo.

Ng'ambo ya mto Songwe kuna mfano. Mwaka 2020 Malawi ilithibitishwa kuwa imetokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii. Ili kupata uthibitisho huo nchi haitazamwi kwa vipimo vya damu peke yake. Hutakiwa pia kuonyesha wagonjwa wake ni wangapi, wako wapi na huduma inapatikana wapi. Tanzania itaulizwa maswali hayo hayo, na majibu yake hayapatikani kwenye kopo la vidonge.

Nyenzo tunazo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kufikisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa. Wahudumu hao wapewe daftari moja zaidi: la watu waliobaki na madhara ya maambukizi, yawe ya matende, ya kifua kikuu, ya polio au ya UVIKO. Halmashauri ya Kyela itenge fedha zake yenyewe kwa ajili ya sabuni, dawa za ngozi na upasuaji wa mabusha, hata kama ni kidogo, ili huduma isitegemee mkataba unaosainiwa ng'ambo.

Madiwani watakapokaa kupitisha bajeti ijayo, kila mmoja aulize swali hili na asiketi mpaka ajibiwe: kata yangu ina wagonjwa wangapi wa matende na mabusha, na nani aliwatembelea mwezi uliopita?