Jinsi timu za vyuo vya Marekani hupanga kumkaba mpokeaji hatari

MSHIKA mbili, wahenga walinena, moja humponyoka. Usemi huo uliwafika barabara walinzi wa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State usiku wa Januari 11, 2021, walipokutana na Alabama katika fainali ya kandanda ya Kimarekani ya vyuo vikuu uwanjani Hard Rock, Florida.

Kufikia wakati wa mapumziko, mpokeaji wa Alabama, DeVonta Smith, alikuwa amedaka mpira mara 12, akasonga jumla ya yadi 215 na kufunga mara tatu. Aliumia kidole mapema katika nusu ya pili na hakuendelea kucheza, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Alabama walienda mapumzikoni wakiongoza kwa alama 35-17, na hatimaye wakatwaa ubingwa kwa 52-24.

Si kwamba Ohio State hawakumjua. Siku sita kabla ya fainali hiyo, Smith alitawazwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuoni, akiwa mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka wa 1991. Iweje basi timu ya watu 11 ishindwe kumzuia kijana mmoja mwenye uzani wa takriban kilo 79, ilhali kila mtu uwanjani alijua kwamba yeye ndiye atakayetafutwa?

Jawabu limo katika hesabu.

Hesabu ya watu 11

Uwanja wa mchezo huu una urefu wa yadi 100, yaani takriban mita 91, kutoka mstari mmoja wa goli hadi mwingine, na upana wa takriban mita 49. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikiuingiza mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, hujipatia alama 6.

Kinyume na raga, ambapo mpira hauruhusiwi kurushwa mbele, hapa mrushaji mkuu, anayeitwa kwotabeki, ana ruhusa ya kuurusha mbele mara moja katika kila jaribio. Mpokeaji ndiye mwenye kazi ya kutimua mbio, kumhadaa mlinzi wake na kuudaka.

Mpenzi wa soka huenda akadhani kwamba dawa ni kumpa straika huyo beki mmoja hodari amfuate kama kivuli. Tatizo ni kwamba mpokeaji anajua tangu mwanzo atakata kona wapi, naye mlinzi hajui. Hatua moja ya kuchelewa yatosha kumwacha nyuma kabisa.

Ndiposa makocha wengi huongeza mlinzi wa pili. Mmoja hukaa chini ya mpokeaji kuzuia mipira mifupi, na mwingine hukaa nyuma kumnyima mipira ya mbali. Aghalabu huyo wa pili hutolewa miongoni mwa mabeki wa nyuma, ambao pia hutegemewa kusogea mbele kuwazuia wakimbiaji.

Hapo ndipo gharama hujitokeza. Msimu huo Alabama walikuwa na Najee Harris, mkimbiaji aliyefunga mara 26 kwa miguu yake. Kila beki aliyeegemea upande wa Smith alikuwa amemfungulia Harris mlango.

Njia ya pili ni ulinzi wa maeneo, ambapo kila mlinzi hulinda sehemu yake ya uwanja badala ya mtu. Faida yake ni kwamba walinzi humtazama kwotabeki na kuuona mpira ukija. Hasara ni kwamba nyota wa wapinzani anaweza kupelekwa makusudi katika sehemu inayolindwa na mtu mzito.

Njia ya tatu ni kumvamia kwotabeki kabla hajapata nafasi ya kurusha. Mpokeaji hata awe na kasi ya swara, hana faida ikiwa mpira haumfikii. Hata hivyo, kila anayetumwa kumvamia mrushaji hupunguza idadi ya wanaolinda nyuma. Uvamizi usipofaulu, timu huadhibiwa.

Sheria za vyuoni

Mpango wa chuo haufanani na ule wa ligi ya kulipwa ya NFL, kwani sheria zinatofautiana.

Katika NFL, mlinzi haruhusiwi kumsukuma mpokeaji akishapita yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia. Vyuoni anaweza kumzuia hata mbali zaidi, mradi mpokeaji yuko mbele yake na mpira haujarushwa. Mlinzi mwenye nguvu ana nafasi kubwa zaidi ya kumvuruga.

Aidha, mlinzi akimchezea mpokeaji visivyo wakati mpira uko hewani, timu yake vyuoni hupoteza yadi zisizozidi 15, na wapinzani hupewa majaribio mapya. Katika NFL mpira huwekwa pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. Kwa sababu hiyo, beki wa chuo aliyeachwa nyuma anaweza kuamua kumshika mpokeaji makusudi. Afadhali yadi 15 kuliko alama 6.

Sheria nyingine humfaidi mpokeaji. Vyuoni inatosha mguu wake mmoja kugusa ndani ya uwanja anapodaka, ilhali NFL hudai miguu yote miwili. Vilevile, alama za katikati ya uwanja zinazoonyesha mahali pa kuanzishia mpira zimeachana zaidi vyuoni. Mpira ukianzishiwa upande mmoja, upande wa pili huwa na nafasi pana mno, ambamo mlinzi aliye peke yake hutaabika.

La mwisho ni muda. Wachezaji hawa ni wanafunzi, na kanuni huwawekea kikomo cha saa 20 za shughuli za mchezo kwa wiki wakati wa msimu. Kocha mwenye mpango wa kurasa mia moja hana muda wa kuufundisha.

Wiki ya maandalizi

Kazi huanzia kwenye kanda za video. Makocha huandika mpokeaji husimama wapi katika kila hali, hukata kona gani akiwa karibu na mstari wa pembeni, na ni wakati gani kwotabeki humtafuta zaidi. Kisha mchezaji mwepesi wa kikosi cha akiba huteuliwa kumwigiza mazoezini.

Ohio State walikuwa na siku 10 za kufanya hivyo baada ya kuwalaza Clemson 49-28 katika nusu fainali. Lakini Alabama nao walijiandaa. Smith hakuachwa asimame mahali pamoja. Alihamishwa huku na kule, mara nyingine akianza kukimbia kabla mpira haujaanzishwa, hali iliyowalazimu walinzi kubadilishana majukumu kwa sekunde chache.

Bao lake la tatu lilieleza yote. Ikisalia chini ya dakika moja kabla ya mapumziko, Smith alianzia ndani badala ya pembeni kabisa. Aliyejikuta akimfukuza alikuwa mlinzi wa kati, mtu ambaye kazi yake hasa ni kupambana na wakimbiaji. Smith alimwacha, akadaka na kufunga bao la yadi 42.

Kuchagua hasara

Je, yupo aliyefaulu kumzima msimu huo? Kwa takwimu, Arkansas walifaulu. Mnamo Desemba 12, 2020, walimruhusu kudaka mara tatu pekee kwa yadi 22. Hata hivyo, Alabama walishinda 52-3, na Smith mwenyewe alifunga kwa kurudisha mpira wa teke umbali wa yadi 84.

Funzo ni kwamba kumzuia mpokeaji si lengo. Lengo ni ubao wa matokeo. Mpango wa busara huamua mapema hasara ipi inavumilika. Timu humkubalia mipira mifupi, mradi aangushwe papo hapo. Humnyima ile ya mbali hata ikibidi mkimbiaji apate yadi chache. Walinzi wawili huwekewa yeye katika jaribio la tatu na karibu na goli, ambako kosa moja huzaa alama.

Kikosi kinachokataa kuchagua huchaguliwa na mpinzani, kama Ohio State walivyochaguliwa kabla ya mapumziko. Nao mabingwa wa kulipwa hawajasalimika. Mnamo Februari 2025, Smith, akiichezea Philadelphia Eagles, aliwafunga Kansas City Chiefs bao la yadi 46 katika fainali ya Super Bowl, na timu yake ikashinda 40-22.