Je, Wajua? Makeya wa Ukambani na Vita vya Japani

Je, wajua kwamba Aprili 1942, ndege za Japani ziliposhambulia Colombo na Trincomalee, Uingereza ilihamishia bandari ya Kilindini sehemu kubwa ya manowari zake za Bahari ya Hindi? Vita vya Asia vikawa vimebisha hodi Mombasa.

Wajua kazi iliyofanyika katika shule ya Allidina Visram, mjini humo? Wataalamu walikaa wakisikiliza redio za Wajapani, na mwaka huohuo wakafumbua JN-40, maandishi ya siri ya meli zao za mizigo.

Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi wa King's African Rifles (KAR), yaani makeya. Njia ya kwenda ng'ambo ilikuwa reli ya Mombasa, ileile inayopita Kima huko Ukambani, si mbali na mji wa Salama.

Je, wajua habari za meli Khedive Ismail? Iling'oa nanga Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500: wanajeshi wa mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, nyambizi I-27 ya Japani iliipiga kwa torpedo, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa karibu 1,300. Manowari za ulinzi zilirusha mabomu ya kuiangamiza nyambizi huku manusura wakiwa bado wanaelea majini. Hili ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya meli za Washirika katika vita vile, na linastahili kufundishwa katika kila darasa la historia Kenya. Ukifika Nairobi, nenda makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong: mnara uliopo pale unawakumbuka pia waliozama na meli hiyo.

Wajua nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo makeya walipigana? Kichwa cha kifaru.

Agosti 1944 divisheni hiyo iliingia Bonde la Kabaw, Burma, kuwafukuza Wajapani. Mvua za monsuni zilikuwa zimegeuza njia kuwa tope tupu na malori yakakwama, kwa hiyo chakula na risasi vilidondoshwa na ndege za Dakota. Parachuti za hariri zilikuwa haba. Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi la Waingereza huko Burma, akaagiza nyingine zishonwe Calcutta kwa juti, nyuzi zilezile za magunia. Malaria ilitisha kama risasi, na askari walimeza mepacrine kila siku, dawa iliyowageuza ngozi kuwa ya manjano.

Je, wajua kwamba Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma akiwa keya?

Desemba 1944 makeya waliiteka Kalewa, wakavuka mto Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi walitandika hapo daraja la Bailey la mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati ule, na jeshi la Slim likapata njia ya kuelekea Mandalay.