Nani Anapanga Dodoma? (2): Mwaka Ramani Iliporudi na Barabara Zikaondoka

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi TANU ilivyoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na jinsi Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivyoundwa kuujenga mji huo. Sehemu hii inahamia kwenye ofisi za halmashauri, ambako tangu mwaka 2017 ndiko maswali yote ya kiwanja yanakopelekwa.

Kwa zaidi ya miongo minne Dodoma ilikuwa na wenyeji wawili. CDA ilichora, ikapima, ikagawa viwanja na kutoa vibali vya ujenzi. Manispaa ilizoa taka, ikasimamia shule za msingi na zahanati, ikakusanya ushuru wa masoko. CDA ndiyo iliyoshika ardhi ya eneo la makao makuu, na mwananchi alipewa hati ya miaka 33 tu, wakati mwenzake wa Morogoro au Iringa aliweza kupata ya miaka 99. Mpiga kura aliyevunjiwa ukuta alikwenda kwa diwani wake, naye diwani hakuwa na la kumwambia, kwa kuwa waliovunja hawakuwajibika kwa Baraza la Madiwani.

Kazi ya CDA haikuwa bure. Mpango kabambe wa kwanza, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada mwaka 1976, uliuona mji kama mkusanyiko wa vitongoji vilivyounganishwa na njia za mabasi, ambamo mtu angeweza kwenda sokoni kwa miguu. Majina yaliyozoeleka mpaka leo, Area A, Area C na Area D, yana harufu ya meza ya mchoraji ramani. Lakini mchoro ulikwenda kwa mwendo wake na watu kwa wao. Chang'ombe ilijaa nyumba bila kupimwa, na kadiri wahamiaji walivyoongezeka ndivyo mashamba ya pembezoni yalivyokatwa vipande na kuuzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA. Majukumu, mafaili na madeni yake yakaenda kwa Manispaa, na ikaagizwa hati za miaka 33 zigeuzwe kuwa za miaka 99. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Aprili 2018, Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji.

Halmashauri hupangaje mji? Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inaitambua kila halmashauri ya mji, manispaa au jiji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Juu kabisa upo mpango kabambe, ambao kwa Dodoma ni ule wa 2019 hadi 2039. Chini yake ipo michoro ya kina ya kila eneo, inayoonyesha wapi patakuwa makazi, wapi biashara, wapi shule na wapi uwanja wa wazi. Mchoro huanzia kwa afisa mipangomiji, ukapitia kwa wataalamu wenzake na kufika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambamo madiwani huketi. Kisha huenda Wizara ya Ardhi kuidhinishwa. Baada ya hapo ndipo mpima anapoingia na kusimika bikoni. Hati yenyewe haisainiwi na Meya wala Mkurugenzi wa Jiji: ni kazi ya Kamishna wa Ardhi, na Msajili wa Hati huisajili.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa ngazi hizo. Mwenye nyumba ya kuishi Nkuhungu anataka kuigeuza gesti yenye baa. Hawezi kubadili bango tu na kuwasha muziki. Anapaswa kuomba kubadili matumizi ya kiwanja, tangazo litolewe ili wenye pingamizi wajitokeze, na maoni ya mtaa na ya wataalamu yafike kwenye kamati. Akikubaliwa, masharti ya hati yake hubadilika na kodi ya ardhi nayo hupanda, kwa kuwa ya biashara ni kubwa kuliko ya makazi. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka. Fundi mwenye tofali na saruji tayari anahitaji wiki chache tu. Ndiyo maana wengi hujenga kwanza na kuomba baadaye, wakitumaini kwamba alama ya X ya rangi nyekundu itachelewa.

Mpaka hapa, masimulizi haya yangeweza kuwa ya mji wowote wa Tanzania. Upekee wa Dodoma unaonekana pale kalenda inapotazamwa kwa makini. Mwaka wa fedha wa 2016/17, kodi ya majengo ilitolewa mikononi mwa halmashauri ikakabidhiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Julai 2017, wiki chache tu baada ya CDA kuvunjwa, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kazi na kuchukua barabara zilizokuwa za halmashauri. Maji yalikuwa tayari kwa DUWASA na umeme kwa TANESCO. Kwa hiyo Dodoma ilipokea ramani katika majira yaleyale ilipopoteza barabara na kodi ya nyumba zilizochorwa kwenye ramani hiyo.

Kilichobaki mkononi ni kiwanja. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa dhati, watumishi wakaanza kuwasili, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la halmashauri hiyo. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Viwanja vilipimwa kwa maelfu na kuuzwa, na mwaka wa fedha 2018/19 Jiji la Dodoma likaongoza halmashauri zote nchini kwa mapato ya ndani. Fedha hizo zilionekana kwa macho, katika miradi na vitega uchumi ambavyo manispaa ya zamani isingethubutu hata kuviandika kwenye bajeti.

Lakini kiwanja huuzwa mara moja. Halmashauri inayoishi kwa kuuza viwanja hulazimika kupima vipya kila mwaka, mbali zaidi na katikati ya mji, mahali ambapo wakala mwingine ndiye atakayefungua barabara kwa bajeti yake na mamlaka nyingine ndiyo itakayovuta bomba. Mnunuzi wa kiwanja anakuta bikoni zake zimesimama sawasawa na hati yake ni halali, ila njia ya kufikia hapo ipo kwenye karatasi tu.

Kwa wenye mashamba ya pembezoni ulitumika utaratibu ulioitwa 70 kwa 30: mwenye shamba anakubali lipimwe, anapata asilimia 70 ya viwanja na halmashauri inachukua 30. Halmashauri iliepuka kulipa fidia ya fedha taslimu, na mkulima akageuka mwenye viwanja vya kuuza. Ugumu wake umo kwenye hesabu. Asilimia 70 ya viwanja haiwezi kuwa asilimia 70 ya shamba, kwa sababu barabara, shule na maeneo ya wazi hukatwa humohumo. Mwenye ekari moja aliyeelewa vingine siku ya mkutano wa mtaa alikuwa na haki ya kushangaa siku ya mgawanyo.

Mshangao wa namna hiyo, pamoja na ule wa kiwanja kimoja kukutwa na majina ya watu wawili, huishia kwenye mabaraza. Zamani Baraza la Kata liliweza kutoa hukumu ya mgogoro wa ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo Mahakama Kuu.

Sehemu ya tatu itafuatilia fidia: nani anathamini shamba la zabibu linapoingia ndani ya mpango wa mji, posho ya usumbufu na ya makazi hukokotolewaje, na sheria inampa nini mwananchi ambaye malipo yake yamechelewa zaidi ya miezi 6.