Ghala Tupu na Watu Wasio na Makao

Liko neno moja ambalo lazungumzwa sana upande wa Singida kila mwaka mvua zinapozidi, nasi twataka kulitazama. Je, ghala la mazao lililofungwa, ambalo mwenyewe halitumii tena, lafaa kulaza watu ambao nyumba zao zimeanguka? Twajua sote ya kuwa tembe, kwa paa lake la udongo, haistahimili mvua nyingi. Asubuhi mama na watoto wake huonekana wameketi kwenye baraza ya duka lenye kufuli, na ndani ya duka hamna kitu ila buibui.

Twasema lafaa, lakini kufungua mlango tu hakutoshi.

Itazameni Mazimbu. Mtu akipanda treni Manyoni, akapita Dodoma na kuzidi kwenda mashariki, hufika Morogoro, na karibu na mji huo palikuwa na shamba la mkonge. Zamani katani ya nchi yetu ilitafutwa ulimwenguni kote. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikashuka, na mashamba mengi yakaachwa. Mazimbu nako pakabaki nyumba chache zilizochakaa. Basi tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, katika Afrika Kusini, waliandamana, polisi wakawapiga risasi, na vijana wengi wakakimbia nchi yao pasipo wazazi. Wengine walifika kwetu kwa njia ya chama cha ANC, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikakipa chama hicho shamba lile.

Waliotangulia hawakukuta shule. Walikuta majengo makuukuu, yaliyojengwa kwa kazi ya mkonge, wala si kwa malezi ya watoto. Ikawapasa kuyatengeneza kwanza wapate pa kulala, ndipo wakajenga mengine. Masomo yalianza mwaka 1978; na mwaka 1979 chuo kikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili mwaka ule. Baadaye pakawa na shule ya watoto wadogo, hospitali, shamba na karakana.

Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma, jambo la namna hii lilitangulia. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951. Na katika miaka ya 1960 stesheni ya reli ya mpango ule ikawa makao ya wapigania uhuru.

Twarudi kwenye ghala letu. Ghala limejengwa kwa ajili ya magunia. Madirisha yake ni madogo tena yako juu, moshi hauna pa kutokea, vyoo ni haba, na huenda sakafu yanuka bado dawa ya kuulia wadudu. Lifunguliwe lipate hewa, lisafishwe sana, wala watoto wasilazwe humo kabla. Jiko liwe nje. Jamaa na jamaa watengwe hata kwa mikeka, maana mama anyonyeshaye hawezi kukaa machoni pa watu mchana na usiku.

Na mwenye ghala aandikiwe karatasi, ijulikane siku ya kuingia na siku ya kutoka. Wengi hukataa si kwa choyo, bali kwa hofu ya kupoteza mali yao, nayo si hofu ya kuchekwa. Mazimbu ilirudishwa: tarehe 9 Julai 1992 ANC waliikabidhi serikali ya Tanzania, na leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo husoma hapo. Wengi wa wale waliokuja pasipo makao walirudi kwao, na wengine wamelala katika makaburi ya Mazimbu.